Kutoa, kutenga au kuchagua: uondoe vipi usichokitaka unapoweka lebo na unapotafuta

Andika "Rongai" kwenye Google ukiwa Moshi, ukitafuta habari za njia ya kupanda Kilimanjaro kutokea kaskazini, na usishangae ukiletewa nyumba za kupanga na viwanja vya Ongata Rongai, mji wa jirani na Nairobi. Mkono unakwenda wenyewe kuongeza "-Kenya". Nyumba zinapungua kweli. Ila maelezo mengi mazuri ya njia ya mlimani nayo yameondoka, maana ni nadra mtu aieleze Rongai bila kusema inaanzia karibu na mpaka wa Kenya.

Kuondoa kunavutia kwa sababu mtu huwa anajua asichokitaka kabla hajajua anachokitaka. Lakini zipo njia tatu za kuondoa, na wengi huzitumia kama vile ni moja. Ya kwanza naiita kutoa: huweki lebo yoyote, ila unapotafuta unaiambia mashine neno gani lisiwepo. Ya pili ni kutenga: unavipa lebo vile usivyovitaka ("imefungwa", "isitumike"), kisha unaomba vyote isipokuwa hivyo. Ya tatu ni kuchagua: lebo inakwenda kwa vinavyofaa tu, na unatafuta lebo hiyo. Kilichobaki kimeondolewa bila wewe kukitaja.

Wachumaji wa kahawa wa Kibosho wanaijua tofauti hii. Mmoja anachuma buni zilizoiva tu, mwingine anapukutisha tawi zima halafu anachambua mkekani. Wote wanaishia na kahawa, lakini wakipitiwa hawapotezi kitu kilekile: wa kwanza anaacha nzuri mtini, wa pili anapeleka mbichi kiwandani.

Vigezo

Nimezipima zote tatu kwa maswali manne. Jasho linatoka lini, wakati wa kuhifadhi au wakati wa kutafuta? Kisicho na lebo kinaangukia upande gani? Ikikosea inakosea vipi: inakuletea takataka unayoiona, au inakuficha kitu bila habari? Na inamfaa nani?

Swali la pili ndilo ninalolipa uzito zaidi. Katika ofisi yoyote ya kweli vitu visivyo na lebo ndivyo vingi. Kijana wa mapokezi alikuwa na wageni watatu mbele yake, gari linapiga honi nje, picha zikapakiwa bila lebo, siku ikaisha. Mfumo mzuri unaonekana kwa namna unavyozitendea picha hizo. Zile zilizowekewa lebo vizuri zitapatikana kwa njia yoyote ile.

Njia ya kwanza: kutoa wakati wa kutafuta

*Jasho linatoka lini.* Linatoka wakati wa kutafuta, na ni kidogo. Kwenye Google, Gmail na YouTube unaweka alama ya kutoa mbele ya neno: kabla yake iwepo nafasi, baada yake isiwepo. "Kilimanjaro -bia" inafanya kazi. "Kilimanjaro-bia" inasomwa kama maneno yaliyoungwa, na "Kilimanjaro - bia" haiondoi chochote. Fungu la maneno linafungwa kwa alama za kunukuu, kama -"Kilimanjaro Stars" ukiwa huna haja na mpira. Tovuti nzima inayokusumbua inaondolewa kwa -site: ikifuatwa na anwani yake. PubMed, hazina ya makala za tiba mtandaoni, na maktaba nyingi za kitaaluma hutumia neno NOT, nawe uliandike kwa herufi kubwa. WhatsApp, ambako ndiko ofisi nyingi za Arusha zinakoishi kwa kweli, utafutaji wake hauna alama hii.

*Kisicho na lebo.* Hapa lebo hakuna, maandishi yenyewe ndiyo lebo. Ukurasa ambao haukuandika neno ulilolitoa unapita, hata kama unazungumzia jambo lilelile kwa maneno mengine. Na Kiswahili kina maneno mengine mengi. Ukitoa "gari" bado "magari" yanaweza kukujia. Ukitoa "kupanda" ili uepuke habari za kupanda miti, hujagusa "wanapanda", "alipanda" wala "upandaji", na juu ya hayo umeshajinyima kupanda mlima. Ushauri wangu ni kutoa majina na kuacha vitenzi, tena majina ya pekee kama ya mahali au ya timu, ambayo hayabadiliki mwanzoni. Kumbuka pia kwamba kurasa kuhusu huku kwetu zimeandikwa kwa lugha mbili. Anayetafuta njia ya kushukia mlima ya Mweka na hataki chuo cha wanyamapori cha Mweka, kilichopo tangu 1963, atoe "-chuo" pamoja na "-college", la sivyo nusu ya chuo inabaki.

*Ikikosea.* Inaficha, na haikuambii. Neno likionekana mara moja tu, hata chini kabisa ya ukurasa, ukurasa mzima unaondoka. Ndiyo yaliyoipata Rongai. Dawa ni kutafuta neno linaloishi kwenye mtaa wa kile usichokitaka peke yake: "Rongai -Ongata -matatu -Kajiado" inaondoa mji na kuuacha mlima. Kahawa ni vivyo hivyo. Anayetaka habari za arabika ya Kilimanjaro akiandika "-robusta" anapoteza kila makala inayolinganisha aina hizo mbili, na makala nzuri za kahawa ya Tanzania lazima zitaje robusta ya Kagera mahali fulani.

Mfano ulio mzito zaidi uko KCMC, hospitali ya rufaa na chuo cha tiba cha Moshi. Mwanafunzi anatafuta kwenye PubMed makala za ugonjwa wa brusela kwa binadamu kaskazini mwa Tanzania. Nyingi anazoziona ni za ng'ombe na mbuzi, basi anaongeza NOT animals[mh]. Hapo amejimaliza. Katika mpangilio wa MeSH, yaani vichwa vya mada ambavyo makala za PubMed hupewa (ndiyo hiyo [mh]), binadamu wamewekwa ndani ya tawi la wanyama, na PubMed ikichukua kichwa cha juu inachukua na vyote vilivyo chini yake. Ameondoa mbuzi pamoja na mfugaji. Wenye kazi ya kufanya mapitio ya tafiti huandika hivi: NOT (animals[mh] NOT humans[mh]), yaani ondoa zenye wanyama lakini zisizo na binadamu. Makala iliyopima damu ya mfugaji na ya mifugo yake pamoja inabaki. Kwa ugonjwa unaotoka kwa mifugo kwenda kwa watu, hizo ndizo unazozihitaji kuliko zote.

Mabano hayo yasidharauliwe. PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo "Kilimanjaro NOT Machame OR Marangu" inaeleweka hivi: chukua Kilimanjaro isiyo na Machame, kisha ongeza chochote chenye Marangu. Ulitaka kuziondoa njia zote mbili, umejikuta umeialika moja. Iandike NOT (Machame OR Marangu). Katika mazungumzo "sitaki Machame au Marangu" inaeleweka na kila mtu. Mashine ndiyo haielewi.

*Inamfaa nani.* Anayetafuta mara moja na kuondoka, kwenye bahari asiyoimiliki. Huwezi kuwekea lebo intaneti nzima.

Njia ya pili: kutenga kwa lebo

*Jasho linatoka lini.* Linatoka wakati wa kuhifadhi, lakini kwa vichache tu. Ofisi ya safari inayopokea barua pepe mia haina haja ya kuzipa zote lebo. Ile ambayo mgeni wake ameshalipa na kurudi kwao inapewa "imefungwa", na asubuhi unatafuta kwa -label:imefungwa. Kila kilichobaki ni kazi.

*Kisicho na lebo.* Kinapita na kukujia mbele, na hiyo ndiyo sifa kuu ya njia hii. Barua mpya haisubiri mtu aitambue ndipo ionekane. Kwenye Gmail hata jibu jipya kwenye mazungumzo uliyokwisha kuyafunga linaweza kuyarudisha kwenye matokeo, kwa sababu lebo hukaa kwenye ujumbe mmoja mmoja. Wengine hulalamika kwamba ni usumbufu. Mimi naona mgeni aliyeandika tena baada ya miezi miwili anastahili kuonekana.

Ila chunga programu unayoitumia, kwa sababu haziafikiani kuhusu kisanduku kitupu. Kwenye Excel, ukichuja safu ya malipo na kuondoa tiki kwenye "imelipwa", mistari mitupu inabaki ikionekana. Kwenye hifadhidata inayotumia SQL, lugha ya kuiuliza maswali, ukiomba hali <> 'imelipwa' (yaani isiyo 'imelipwa'), mistari ambayo hali yake ni NULL, yaani haijajazwa, haiji kabisa. Kwa SQL, kisichojulikana si "imelipwa" wala si "haijalipwa", na kisichokuwa kweli hakiletwi. Ofisi inayohama kutoka Excel kwenda kwenye mfumo wa kisasa inaweza kuona madeni yamepungua kwa usiku mmoja, kumbe ankara zisizojazwa ndizo zilizopotea machoni. Mwambie fundi aongeze OR hali IS NULL, na umsimamie mpaka aiongeze.

*Ikikosea.* Inapitisha kilichopaswa kuzuiwa. Kwa barua pepe hilo ni karaha ndogo: unaisoma, unaifunga. Kwa mambo mengine si karaha. Chukua mpishi wa mlimani mwenye orodha ya vyakula kwenye simu, na mgeni anayedhurika na karanga. Vyakula vyenye karanga vimepewa lebo "ina karanga", na mpishi anaomba vyote isipokuwa hivyo. Mchuzi mpya ulioongezwa juzi haujapewa lebo. Orodha inauleta ukiwa miongoni mwa salama, kambini, mbali na hospitali.

Kosa la pili ni la kuzeeka. Lebo za kutenga huzaliana: mmoja anaandika "isitumike", mwingine "usitumie", wa tatu "ya zamani". Ukitoa moja, mbili zinapita. Halafu "isitumike" haisemi kwa nini. Picha ilikuwa na ukungu? Mgeni alikataa? Bei iliyoandikwa juu yake imepitwa na wakati? Sababu ya tatu inaweza kwisha, ya pili haiishi. Andika sababu ndani ya lebo, "mgeni-alikataa" au "bei-ya-zamani", na orodha ya lebo zinazoruhusiwa ibandikwe mahali panapoonekana na wote.

*Inamfaa nani.* Mwenye mkondo wa vitu vinavyoingia kila siku, ambaye hasara yake kubwa ni kusahau kitu, wala si kukutana na cha ziada.

Njia ya tatu: kuchagua kwa lebo ya kufaa

*Jasho linatoka lini.* Linatoka mapema, na ni jingi. Kila kinachofaa lazima kipitiwe na mtu mwenye macho. Baada ya hapo kutafuta ni neno moja.

*Kisicho na lebo.* Hakipo. Kimekaa kwenye folda, kinakula nafasi, lakini kwa anayetafuta ni kama hakikuwahi kupigwa picha.

*Ikikosea.* Inaficha kizuri, nawe hulioni pengo. Msimu wa Juni hadi Oktoba hakuna aliyepata muda wa kuweka lebo, na Januari mtu wa matangazo analalamika kwamba hakuna picha mpya za Ngorongoro. Zipo mamia. Kwa bahati kosa hili linatibika: pitia mara kwa mara visivyo na lebo. Gmail ina amri yake, has:nouserlabels, na katika Excel unachuja visanduku vitupu. Asiye na ratiba ya kupitia vitupu asiichukue njia hii kwa kitu anachokihitaji kesho. Mwanafunzi wetu wa KCMC naye analipa gharama hiyohiyo akiandika AND humans[mh]: makala zisizo na vichwa vya MeSH, na PubMed inazo nyingi, zinaanguka zote. Ile fomula yenye NOT mbili ilikuwa inazibakisha.

Lakini rudi kwa mpishi. Badala ya "ina karanga", lebo iwe "haina karanga", iwekwe tu baada ya mtu kusoma viungo vyote, na mpishi aombe zenye lebo hiyo. Mchuzi wa juzi hautokei. Mgeni anakosa mchuzi mtamu, basi. Watu hudhani kwamba lebo yenye "haina" ni ya kutenga kwa sababu inakanusha. Sivyo. Angalia unachokifanya nayo: ukiiomba ije, ni ya kuchagua, hata ikiwa na vikanusho vitatu.

Mitungi ya oksijeni ya kupandia mlima ni hesabu ileile. Lebo ya "mbovu" inaacha mtungi usiokaguliwa uonekane mzima. Lebo ya "umekaguliwa", yenye tarehe, inauacha stoo. Vivyo hivyo picha za wageni na za wanakijiji. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, ridhaa si jambo la kukisia, na picha ambayo hakuna anayejua mwenyewe alisemaje haina sababu ya kuwa kwenye tangazo. "Ridhaa-ipo" inailinda ofisi kuliko "mgeni-alikataa".

*Inamfaa nani.* Ambaye kitu kimoja kibaya kikipita kinaleta madhara kuliko vizuri kumi vikikosekana.

Zikichanganywa

Ipo pia safu yenye majibu matatu: ndiyo, hapana, haijaulizwa. Ni kazi zaidi kidogo, lakini inaondoa utata wa kisanduku kitupu, kwa sababu "sijui" sasa imeandikwa. Kwa ridhaa na kwa mizio ya chakula mimi ningeanzia hapa. Kwa ankara naona ni kujichosha.

Kuna wakati pia dawa si kuondoa wala kuweka lebo, ni kuongeza neno. Anayetafuta nyumba Moshi na kuletewa madhara ya moshi wa sigara na wa kuni anaweza kutoa sigara, kuni, mkaa na moto mpaka vidole vichoke. "Nyumba Moshi Majengo" inamaliza kazi. Anayesoma Mkataba wa Arusha wa Burundi, uliosainiwa Agosti 2000, akitaka kuukwepa ule wa Rwanda wa Agosti 1993, asitoe "Rwanda": maandiko ya Burundi yanaitaja Rwanda kila mara. Aongeze "Burundi", na mwaka, na pengine jina la Nyerere au Mandela waliosuluhisha.

Uchague ipi, kwa hali yako

Unatafuta kwenye Google au YouTube, mara moja, neno lenye maana nyingi: jaribu kwanza kuongeza neno. Ikishindikana, toa, neno moja baada ya jingine, ukiangalia kila mara nini kimeondoka.

Unaandika tasnifu KCMC au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na msimamizi atakuuliza umepataje makala zako: toa kwa mabano, na uendeshe utafutaji mara mbili, wenye NOT na usio nayo. Soma vichwa vya zile zilizo kwenye orodha moja na hazimo kwenye nyingine. Kama ni elfu nyingi, soma sehemu yake. Kama hata humo zimo unazozihitaji, NOT yako ni pana mno.

Unasimamia barua pepe au ankara za ofisi ya watu wachache: tenga. Lebo mbili au tatu za kufunga zinatosha, na vitupu vionekane daima.

Una picha elfu kadhaa na unataka zinazofaa kutangazwa: chagua. Kama hakuna mtu wa kuzipitia zote, mpe mtu zile za msimu mmoja na uache nyingine zilale.

Jambo lenyewe ni chakula, dawa, vifaa vya uokoaji au ridhaa ya mtu: chagua, au tumia majibu matatu. Usitenge.

Ofisi yako yote iko WhatsApp: ukitumia WhatsApp Business unazo lebo, lakini zinachuja kwa kuchagua. Huwezi kuomba "wote isipokuwa waliolipa". Kwa hiyo ipe lebo kazi iliyobaki, "anadaiwa" au "anasubiri bei", na uiondoe ikiisha. Na kwa kuwa mteja mpya asiye na lebo hataonekana kwenye kichujio chochote cha lebo, lebo yake ya kwanza iwekwe palepale anapojibiwa salamu.